Theluji Imeyeyuka, Bustani Imebaki na Majeraha: Nianzie Wapi?

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Theluji imekwisha kuyeyuka na bustani yangu inatia huruma. Uzio wangu wa thuja, miti isiyopukutisha majani, umegeuka kahawia upande unaotazama barabara, na miti miwili imepasuka katikati, matawi yamelala nje. Mtufaha wangu mchanga, wenye unene wa kifundo cha mkono, umetafunwa gome karibu na ardhi, na juu kidogo una ufa mrefu. Nyasi za uwanjani zina mabaka ya kijivu. Vichaka vyangu vya maua ya haidrenja vimebaki vijiti vikavu. Jirani yangu ananiambia nikate kila kilichokauka, nipake lami kwenye ufa, kisha nimwage mbolea ili kila kitu kiamke. Mkasi nimeshaunoa. Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole sana. Mkasi uweke chini kwanza. Katika yote uliyoyataja, kuna moja tu lisilongoja, nalo ni mtufaha. Hayo mengine yanaweza kungoja wiki kadhaa, na baadhi yake yatapona zaidi ukiyaacha kuliko ukiyashika. Jirani yako anakutakia mema, lakini mambo matatu aliyokushauri yote yanaweza kuongeza hasara wakati huu. Nitaeleza kila moja mahali pake.

Nenda kwenye mtufaha leo. Piga magoti, ondoa majani na matandazo yaliyoegemea shina, kisha ulizunguke jeraha lote kwa macho na kwa kidole. Usiku wa majira ya baridi, chakula kikiadimika, panya wa shambani hupita chini ya theluji na kula gome la ndani, ambalo ni tamu kwa sababu ndimo sukari ya mti inamopita. Sungura naye hutafuna, ila yeye hukaa juu ya theluji, kwa hiyo alama zake huwa juu zaidi na meno yake ni mapana. Unachotaka kujua ni mambo mawili: meno yamefika wapi kwa kina, na yamezunguka shina kwa kiasi gani. Kwangua taratibu kwa ncha ya kisu. Ukikuta utando wa kijani wenye unyevu juu ya mti mgumu, gome la ndani bado lipo na jeraha hilo ni la juu juu. Ukikuta mti mweupe mkavu, hapo njia imekatika.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mtufaha uliotafunwa mzunguko mzima hautakufa mwezi huu. Utatoa majani, pengine na maua, na utasema umenusurika. Sababu ni kwamba maji hupanda kutoka mizizini kupitia mti wa ndani, ambao panya hakuugusa. Kilichokatika ni njia ya kurudi chini: sukari inayotengenezwa na majani haiwezi tena kufika mizizini. Mizizi huishi kwa akiba yake hadi iishe, halafu mti hunyauka katikati ya kiangazi au mwaka unaofuata, na mwenye bustani hulaumu ukame. Ndiyo maana nasema hili halingoji.

Ikiwa kilichotafunwa ni chini ya nusu ya mzunguko, tulia. Sehemu iliyobaki itabeba mzigo. Mwagilia vizuri msimu mzima, linda shina lisitafunwe tena, na kingo za jeraha zitaanza kujikunja na kulifunika. Ikiwa imezidi nusu, na hasa ikiwa imezunguka yote, unaweza kuuokoa kwa kubebesha daraja, yaani kuunganisha vijiti hai vinavyovuka jeraha ili chakula kipate njia. Si kazi ya wataalamu peke yao. Mtu mwenye kisu kikali na mkono uliotulia anaiweza.

Kata vikonyo, yaani hivyo vijiti vya kubebeshea, sasa hivi, wakati macho yake (machipukizi yaliyofumba) bado yamelala. Chukua matawi ya mwaka jana, yaliyonyooka, unene wa penseli, kutoka kwenye mtufaha huo huo au mtufaha mwingine wenye afya. Vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, uviweke kwenye friji. Visikae pamoja na matunda, kwa maana gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huharibu macho ya vikonyo. Tia alama upande wa chini wa kila kikonyo, kwa sababu ukikigeuza juu chini hakitafanya kazi.

Kisha ngoja hadi macho ya mtufaha yaanze kufunguka. Wakati huo gome huachana na mti kwa urahisi ukiliinua kwa kisu, na ndio wakati wa kazi. Safisha kingo za jeraha, juu na chini, hadi ufikie gome zima. Kata kila kikonyo kirefu kidogo kuliko jeraha, kwa kuwa kinatakiwa kipinde kama upinde ili upepo ukitikisa shina kisichomoke. Chonga ncha zote mbili mshazari kwa upande mmoja, ingiza ncha ya chini ndani ya gome lililo chini ya jeraha, halafu ya juu ndani ya gome lililo juu yake, uso uliochongwa ukitazama ndani. Shikiza kwa vimisumari vyembamba na ufunike maungio kwa nta ya kubebeshea. Weka kikonyo kimoja kila baada ya sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina. Macho yakichipua kwenye vikonyo vyenyewe, yapukuse kwa kidole, kwa sababu kazi yao ni kupitisha chakula na si kuwa matawi.

Kuna hali moja ambayo daraja halitasaidia, nayo ni pale gome lilipoliwa hadi chini ya ardhi na hakuna gome zima la kushikia ncha ya chini. Hapo ni heri uukubali msiba na kupanda mwingine. Na kama ungekuwa na mche mwembamba wa unene wa kidole gumba, nisingekuhangaisha na vikonyo hata kidogo. Ningekuambia ukate shina chini ya jeraha, ilimradi ubaki juu ya ungio la kubebeshea, pale mtufaha ulipounganishwa na shina la chini, uchague chipukizi moja lenye nguvu na kulilea. Ukikata chini ya ungio, kitakachoota si mtufaha ulioununua bali shina lililoubeba.

Sasa ule ufa. Mara nyingi huletwa na jua kuliko baridi yenyewe. Mchana wa majira ya baridi jua linapokuwa chini angani, hupiga shina moja kwa moja, na theluji huurudisha mwanga huo. Gome jembamba la mti mchanga hupata joto na chembe zake huamka. Jua likizama, joto huanguka ghafla na chembe hizo zilizoamka huganda na kufa. Gome hubonyea, hukauka, mwishowe hupasuka. Kaskazini mwa ikweta, tazama upande wa kusini na kusini-magharibi wa shina; kusini mwa ikweta, upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi. Kama ufa wako uko upande huo, umeshampata mhusika.

Lami usipake. Rangi, saruji na dawa za kufunika majeraha ya miti pia usipake. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua miti kwa msumeno miaka mingi ili aone kinachotokea ndani ya majeraha, na mwaka 1977 alichapisha maelezo ya namna mti unavyojikinga: haurudishi nyama iliyokufa, bali hujenga kuta ndani yake kuzunguka sehemu iliyoharibika, kisha huota mti mpya juu yake kutoka pembeni. Kifuniko cha lami hakizuii kuoza, na kinaweza kushikilia unyevu ambao kuvu huupenda. Wewe chukua kisu kikali, ondoa gome lililokwisha kuachana na mti hadi pale liliposhika imara, na usiendelee zaidi ya hapo. Kila sentimita ya gome hai unayoiondoa ili jeraha lipendeze machoni, umeinyang'anya njia za chakula mti ambao tayari una chache.

Mwishoni mwa majira ya kupukutika majani, kabla baridi haijarudi, lizungushie shina wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6 hivi. Ufukie sentimita 5 hadi 8 ardhini na uupandishe hadi juu ya kimo ambacho theluji hufika kwako, kwa sababu theluji humpandisha sungura. Shina lenyewe lifunge kitambaa cheupe cha miti, na ukumbuke kukiondoa majira ya kuchipua. Matandazo yasiguse shina. Ule mlima wa vibanzi ambao watu hupenda kuurundika kwenye shina la mti ni nyumba ya panya, tena imejengwa mlangoni mwa chakula chake.

Tuje kwenye thuja. Hapa hukumu isiharakishwe, na nitakuambia kwa nini. Mti usiopukutisha majani huendelea kupoteza maji wakati wote wa baridi, hasa siku za jua na upepo. Mizizi yake iko kwenye udongo ulioganda na haiwezi kuyarudisha. Majani hukauka yangali mtini, na kwa kuwa yaliganda hayaonyeshi chochote hadi joto lirudi. Ndipo yanapogeuka kahawia na wewe unadhani ugonjwa umeingia wiki hii. Tawi lililobeba majani hayo linaweza kuwa hai kabisa.

Mambo mawili yatakusaidia kusoma chanzo. La kwanza ni mstari. Ikiwa sehemu ya chini iliyofunikwa na theluji ni ya kijani na kahawia inaanzia juu ya mstari huo, ni upepo na jua. Ikiwa kahawia imekaa upande wa barabara tu, inaanzia kwenye ncha, na miti iliyo mbali na barabara ni mizima, basi shuku chumvi ya kuyeyushia barafu. Kwa maelezo yako mimi naelekea kwenye chumvi, lakini kagua mwenyewe. La pili ni ukucha. Kwangua gome la kitawi. Kijani chenye unyevu ni uhai. Kahawia kavu ni kifo mahali hapo, si lazima mti mzima. Shuka kidogo kidogo kutoka kwenye ncha kuelekea shina hadi ukutane na kijani, na ufanye hivyo kwenye vitawi kadhaa kabla ya kuamua.

Hata ukikuta vitawi vilivyokufa, ngoja machipukizi mapya yatoke ndipo ukate. Subira hii ina uzito mkubwa kwa thuja kuliko kwa miti mingine, kwa sababu thuja haichipui kutoka kwenye tawi kuukuu lisilo na majani. Ukikata hadi kwenye mti mtupu, tundu hilo litabaki tundu. Ndivyo ilivyo kwa mireteni pia. Misonobari na misprusi ina macho kwenye ncha ambayo mara nyingi hubaki hai hata sindano zote zikianguka, kwa hiyo tawi linaloonekana limekufa linaweza kuvaa upya. Mti wa yu ndio mkarimu kuliko yote, unachipua hata ukikatwa hadi kwenye gogo. Kwako wewe, kata tu hadi penye kijani, basi.

Ikiwa ni chumvi, dawa yake ni maji, na ni maji mengi. Udongo ukishayeyuka na ukawa unapitisha maji vizuri, mwagilia polepole kwa awamu. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji ya kina cha sentimita 15 yakipita kwenye udongo huondoa takriban nusu ya chumvi, na sentimita 30 huondoa kama asilimia 80. Udongo usiopitisha maji utakutengenezea bwawa na kuua mizizi, hivyo jaribu kwanza kwa ndoo moja uone yanazama kwa kasi gani. Nyunyizia pia majani yenyewe, maana magari hurusha chumvi hadi kwenye matawi. Na theluji ya barabarani isirundikwe tena kwenye uzio huo.

Miti miwili iliyofunguka katikati, ichunguze mahali matawi yanapokutana na shina. Kama yamepinda tu, yainue pole pole na uyafunge pamoja kwa mkanda mpana laini, si waya wala kamba nyembamba, kisha uufungue baada ya msimu mmoja au miwili. Tawi lililochanika halitaungana tena, likate. Kwa tawi zito, kata mara tatu: kwanza chini yake, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi theluthi ya unene, halafu juu, mbele kidogo ya hapo, hadi lianguke, mwisho ondoa kisiki kilichobaki. Ule mkato wa kwanza ndio unaozuia tawi lisianguke na ukanda wa gome la shina. Mkato wa mwisho uwe nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye chanzo cha tawi. Usiukate uvimbe wenyewe, ndimo mti unamojengea ukuta wake.

Mabaka ya kijivu uwanjani ni ukungu wa theluji, yaani kuvu inayoshika nyasi chini ya theluji. Hutokea zaidi theluji inapoanguka juu ya ardhi ambayo bado haijaganda, na nyasi zikiwa ndefu au zimelishwa mbolea ya naitrojeni mwishoni mwa msimu. Hakuna haja ya dawa, kwa sababu joto na hewa kavu huumaliza. Uwanja ukikauka, chana nyasi zilizolala kwa reki nyepesi ili hewa ipite, na usivute kwa nguvu. Mara nyingi kilichokufa ni majani tu. Kitovu cha nyasi kilicho kwenye udongo kiko hai. Mapengo yatakayobaki baada ya wiki tatu au nne yapandie mbegu, udongo ukishafika nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi. Njia nyembamba zinazopindapinda juu ya nyasi, ukiziona, ni barabara za wale wale panya. Hujifunika zenyewe.

Kabla ya kuingia popote na buti au toroli, chukua konzi ya udongo uiminye. Ikibaki donge linalong'aa na halivunjiki ukilisukuma kwa kidole gumba, rudi ndani. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, nafasi za hewa huisha, na madhara hayo hukaa muda mrefu kuliko ya theluji yenyewe. Naona bustani nyingi zilizovuka baridi salama zikiharibiwa hivi na wenyewe, kwa hamu ya kufanya kazi.

Hukutaja maua ya kudumu, ila pita uyaangalie. Ardhi inapoganda na kuyeyuka mara kwa mara, barafu hukua ndani ya udongo na kuisukuma mimea yenye mizizi mifupi juu, hadi shingo na mizizi ikae wazi. Irudishe chini kwa kiganja, si kwa kisigino, na uifunike kwa matandazo mepesi.

Haidrenja nazo zinategemea aina. Zile zenye maua ya duara ya buluu au waridi na majani mapana mazito hubeba maua yake kwenye vijiti vya mwaka jana, kwa hiyo vijiti unavyoviona vikavu ndivyo tumaini lako la maua. Usivikate sasa. Ngoja macho yavimbe, kisha kata kila kijiti juu ya jozi ya kwanza ya macho hai. Ikiwa hakuna jicho hata moja isipokuwa chini kwenye udongo, kata hadi huko. Kichaka kitarudi na majani mazuri, ila maua ya mwaka huu yamekwenda au yatakuwa machache. Zile zenye maua meupe yenye umbo la pia, pamoja na zile nyeupe za duara zenye majani membamba laini, huchanua kwenye vijiti vya mwaka huu. Hizo ukizikata mapema hupotezi kitu. Vichaka vinavyochanua mwanzoni mwa msimu, kama lilaki na forsithia, viguse baada ya kuchanua tu.

Limebaki suala la mbolea. Mti uliokauka majani au uliotafunwa gome haukosi chakula udongoni, umekosa njia ya kukitumia. Naitrojeni itausukuma utoe majani laini mengi ambayo mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyanywesha, na penye chumvi, mbolea ya dukani ni chumvi juu ya chumvi. Weka mboji ya sentimita 2 au 3 juu ya udongo, matandazo ya sentimita 5 hadi 8 juu yake, na maji yanayofika kina cha sentimita 30, hasa mvua ikikosekana. Mbolea nyingine ngoja uone mti umechipua vya kutosha, na hata hapo weka kidogo.

Jihadhari pia na baridi ya kuchelewa. Jicho la mtufaha lililolala huvumilia baridi kali kabisa, lakini ua lililofunguka ni dhaifu: kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri hufa takriban moja katika kumi, na kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri hufa karibu yote. Usiku wa aina hiyo ukitabiriwa, funika vichaka vidogo kwa shuka inayofika hadi ardhini, ili joto la udongo libaki ndani, na uiondoe asubuhi. Mtufaha wako wenye daraja mwaka huu usiubebeshe matunda. Ukichanua, pukusa maua yote, akiba yake iende mizizini.

Ukishapima jeraha la mtufaha, niandikie ni robo ngapi za mzunguko zilizoliwa na kama kuna gome zima chini yake. Vikonyo usisubiri jibu langu ndipo uvikate.